Manju na Mhitimu: Ualimu wa Muziki Katika Shule Zetu

Walimu wa muziki walikuwapo nchini mwetu kabla ya kuwapo shule. Manju wa Usukuma aliwakusanya wafuasi wake usiku baada ya usiku, akawafundisha nyimbo alizozitunga mwenyewe, ili mavuno yakisha kuingia ghalani Wagika na Wagalu wakutane uwanjani na kushindana. Kungwi aliwafundisha wari nyimbo za unyago, kila wimbo na maana yake ya siri. Ugogoni wanawake walirithishana upigaji wa ngoma za muheme, mama kwa binti. Hakuna aliyewauliza walimu hao cheti. Uwanja wenyewe ndio uliowatahini: manju asiyejua kazi yake aliachwa akiimba peke yake, na watu wake wakahamia kwa mpinzani.

Shule za wageni zilikuja na muziki wa namna nyingine. Wajerumani walileta matarumbeta, na watu wa pwani hawakukawia kuzichukua sauti na gwaride lao na kuzitia katika ngoma ya beni, yenye makundi yake ya Marini na Arinoti, bila kuomba ruhusa ya mtu. Wamisionari walileta kwaya, na pamoja na kwaya wakaleta ule uandishi wa do, re, mi uliosambazwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19. Tusiudharau uandishi huo. Ni rahisi, hauhitaji piano, na mtoto wa kijijini huweza kuusoma ubaoni baada ya wiki chache. Enoch Sontonga, aliyetunga mwaka 1897 wimbo ambao leo sauti yake ndiyo ya wimbo wetu wa Taifa, alikuwa mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, na alikuwa mtoto wa malezi hayo hayo. Kasoro ya uandishi huo ni kwamba hufuata sauti za waimbaji waliopanga mstari. Ngoma tatu zinapopishana mapigo, kila moja na njia yake, mwandishi wa do, re, mi huchoka mapema.

Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge kwa mara ya kwanza akiwa Rais wa Jamhuri, alisikitika kwamba wasomi wetu walijua kucheza dansi za Ulaya huku wakizionea haya ngoma za wazazi wao. Akaunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Lilikuwa jambo kubwa, lakini yafaa tuseme pia lile ambalo aghalabu husahauliwa: ngoma ziliwekwa chini ya wizara moja, na walimu wakabaki chini ya nyingine. Mtu aliyejua ngoma na mtu aliyeruhusiwa kufundisha watoto walikaa katika majengo mawili tofauti, na barua baina ya majengo hayo zilikwenda polepole.

Njia ya chuo kikuu ilifunguliwa baadaye. Mwaka 1967 Mlimani, Dar es Salaam, ilianzishwa idara ya sanaa za maonyesho, na katikati ya miaka ya 1970 muziki ukaingizwa humo. Kwa ngazi ya stashahada, Chuo cha Ualimu Butimba, huko Mwanza, kilijijengea jina kwa kuwaandaa walimu wa sanaa, na ni jambo la kufurahisha kwamba kimesimama katika nchi ya Wagika na Wagalu. Lakini nyakati hazikuusaidia muziki. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977, na Taifa likalazimika kuwapata walimu wengi kwa haraka, wa kusoma, kuandika na kuhesabu. Hatuwalaumu waliochagua hivyo. Mwenye njaa haanzi na zeze. Sisi tuliosoma shule ya msingi katika miaka ya 1980 tulikikuta kipindi cha muziki kimeandikwa katika ratiba, na mara nyingi kikaliwa na hesabu. Tulijifunza kuimba katika mchakamchaka, alfajiri, miguu ikiwa na umande.

Mwanafunzi anayetaka kuwa mwalimu wa muziki kwa shahada mara nyingi hupitia kwanza kidato cha sita, ambako kwa miaka mingi muziki haukuwa somo alilolikuta. Kwa hiyo wengi huja na muziki wa kanisani, walioupata kwaya au katika bendi. Mtoto wa manju na mtoto aliyelelewa katika kasida na madufu si rahisi kuwakuta hapo, ijapokuwa masikio yao yamefundwa tangu utotoni. Humo chuoni husoma nadharia ya muziki, uandishi wa mistari mitano, historia, ala na utafiti wa muziki wa asili, kisha saikolojia na mbinu za ufundishaji, na hupelekwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha huku mkaguzi ameketi nyuma ya darasa na kalamu yake.

Elimu hiyo ina uzito, nasi tulioishia shule ya sekondari hatuna haki ya kuibeza. Lakini ina mahali inapokwama. Wataalamu waliochunguza uimbaji wa Wagogo wameeleza kwamba sauti zao hufuata zile zinazozaliwa na uzi mmoja kwa asili yake. Sauti ya saba katika hizo huwa chini ya ile ya piano iliyo jirani nayo kwa karibu theluthi ya nusu toni. Mzee wa Ugogoni akiimba, yu sahihi kabisa. Mhitimu aliyezoezwa kwa piano, asipokuwa mwangalifu, atamsahihisha. Na watoto thelathini watajifunza siku hiyo kwamba babu yao huimba vibaya.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 iliagiza kwamba asifundishe mtu shuleni asiyeandikishwa kuwa mwalimu wala kupewa leseni. Ni sheria ya haki, kwa maana mzazi anapomkabidhi mtoto wake shuleni anastahili kujua amemkabidhi kwa nani. Hata hivyo tulipokuwa makarani katika ofisi moja ya wilaya, lilitufikia jalada la mkuu wa shule aliyeomba mpiga zeze mmoja mzee aruhusiwe kufundisha saa mbili kwa juma. Jibu likaamriwa kutoka juu: mwombaji aambatishe vyeti vyake. Mkono ulioiandika barua ile ulikuwa wetu. Tuliiandika kwa Kiswahili safi, tukaigonga muhuri, na somo lile halikuanza kamwe.

Bagamoyo ilionyesha kwamba yawezekana kufanya vingine. Chuo cha Sanaa kilipoanzishwa huko mwaka 1981, Hukwe Zawose, bingwa wa zeze na ilimba, aliwekwa miongoni mwa walimu, naye ujuzi wake aliupata kwa baba yake na kwa wazee wa Ugogoni. Alifundisha, akasafiri dunia, na alipofariki mwaka 2003 aliacha ukoo mzima wa wapigaji. Ila chuo kile ni cha wasanii. Mlango wa darasa la kawaida ni mwingine, na tangu mwaka 2018 ipo sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu inayoulinda zaidi.

Miaka mingi baada ya barua ile tulipita tena katika wilaya hiyo. Shule ilikuwa imempata mwalimu kijana, mhitimu wa chuo kikuu, mwenye karatasi zote zinazotakiwa. Yule mzee alikuwa angali hai, macho yakiwa yamefifia. Siku za Jumamosi kijana huyo alikuwa akiwachukua wanafunzi wake hadi uani kwa mzee, akaketi nao chini juu ya mkeka, daftari mapajani. Tulimkuta mzee akilegeza uzi wa zeze, akiukaza, akiulegeza tena. Kijana alikuwa akitafuta mahali pa kuiandika sauti ile katika mistari yake mitano, akawa amefuta mara mbili.