Mwinuko Uliosahauliwa: Mlima Kenya na Ramani za Michezo ya Video

Mchezo wa video ukiwekwa Afrika, aghalabu mchezaji hukaribishwa na nyika, mgunga na jua linalotua. Far Cry 2, uliotolewa na Ubisoft mwaka 2008, ulijitahidi zaidi: nchi yake isiyo na jina ina savana, msitu na jangwa. Hata hivyo, mandhari hizo zimepangwa ubavu kwa ubavu kama vyumba. Ramani kama hizo zinakosa mwinuko, na miteremko ya Mlima Kenya upande wa Embu na Meru inaonyesha hasara hiyo ni kubwa kiasi gani.

Kilele cha Batian kina mita 5,199. Bwawa la Kiambere, kwenye Mto Tana, liko mita 700 hivi juu ya usawa wa bahari. Kati ya sehemu hizo mbili hazifiki kilomita 100 kwa mstari ulionyooka. Anayeshuka huacha miamba na mabaki ya barafu, akapita kwenye lobelia kubwa, mianzi na msitu mnene, kisha majani chai ya Embu ya juu, kahawa ya Runyenjes, muguka na ndengu za Mbeere, hadi kwenye miiba na mbuzi. Zao lililo shambani humwambia mpita njia yuko kimo gani. Meru nako kuna ngazi zake: miraa ya Igembe kwenye milima ya Nyambene, na huko chini mito na mikoche ya Hifadhi ya Taifa ya Meru.

Kwa mkazi wa miteremko hii, malaria ya Far Cry 2 inachekesha kidogo. Shujaa hushikwa na homa popote alipo, sharti ameze vidonge. Ilhali mbu na vimelea hutegemea joto, na ugonjwa unaofahamika sana tambarare za Mwea hupungua kadiri mtu anavyopanda kuelekea mashamba ya chai. Kanuni hiyo peke yake ingempa mchezaji sababu ya kupanda, kisha baridi imdai gharama yake.

Teknolojia si kizuizi. Katika mchezo wa Breath of the Wild wa Nintendo (2017), shujaa wake Link hudhoofika kwenye milima yenye baridi asipojikinga, kwa mfano kwa nguo nzito.

Wapo watakaosema mashamba huua hamu ya uvumbuzi, kwamba pori tupu ndilo linalouza. Lakini njia ya Chogoria, inayompeleka mpandaji hadi kilele cha Lenana (mita 4,985), huanzia miongoni mwa mashamba yenye wenyewe, ambako mgeni husalimu na kuuliza njia. Huko juu tena, saa ina nguvu kuliko msimu: mchana jua huchoma, usiku maji huganda, na lobelia hufumba majani yake kukinga chipukizi. Mbunifu anayetafuta hatari za kumwekea mchezaji angezipata hapo bila kubuni zimwi hata mmoja.