Miundo ya Faili katika Kinukuzi cha Nukta Nundu

Muundo wa faili ni namna hati inavyohifadhiwa katika kinukuzi cha nukta nundu, yaani kifaa cha kielektroniki ambacho asiyeona huandikia kwa vitufe na kusomea kwa vidole. Mjini Tabora, ambako Shule ya Msingi Furaha hufundisha watoto wasioona, suala hili hujitokeza pale mwanafunzi anapohamia kifaa hicho kutoka mashine ya Perkins ya kuandikia nukta nundu kwenye karatasi nene.

Muundo wa BRF huhifadhi nukta zenyewe zikiwa zimeshapangwa, aghalabu mistari 25 ya seli 40 (nafasi za alama za nukta nundu) kwa ukurasa. Hufaa vitabu vya kusoma na kazi za kuchapwa kwa nukta nundu. Vifaa vidogo kama Orbit Reader 20, chenye seli 20, huisoma moja kwa moja kutoka kadi ya SD. Hata hivyo, mwalimu anayeona akiifungua kwenye kompyuta hukuta alama zisizosomeka kwa urahisi.

TXT huhifadhi herufi za kawaida bila mapambo. Ni nyepesi na hufunguka karibu kila mahali. DOCX hubeba pia vichwa vya habari na majedwali, hivyo hufaa insha za kukabidhiwa mwalimu, mradi kifaa kiweze kuisoma. PDF iliyotokana na picha ya karatasi haisomeki mpaka herufi zake zitambuliwe.

Kwa TXT na DOCX, kifaa hugeuza herufi kuwa nukta kwa kufuata kanuni za lugha iliyochaguliwa. Kiswahili kikiandikwa kwa vifupisho vya nukta nundu vya Kiingereza, maneno huharibika.