Teminali: mashine iliyokufa, bado tunaongea nayo

Leo tuangalie historia ya lile dirisha jeusi ambalo sisi watu wa Linux hulifungua kabla hata ya kusoma barua pepe. Tunaliita teminali, lakini kusema kweli hilo si teminali. Ni programu inayojifanya teminali, na mashine inayoigwa haitengenezwi tena.

Zamani teminali ilikuwa kama taipureta, imeunganishwa kwa waya na tarakilishi kubwa. Teletype Model 33, ya mwaka 1963, ilichapa herufi 10 tu kwa sekunde, tena kwenye karatasi. Jina lake bado limo ndani ya Unix: tty.

Halafu skrini zikaja. Mwaka 1978 kampuni ya Digital Equipment Corporation ilitoa VT100, yenye mistari 24 ya herufi 80. Tarakilishi iliiamuru kwa herufi zinazoanza na Esc. Ukituma Esc[2J, skrini inafutika. Ukituma Esc[5;10H, kasa inaruka hadi mstari wa 5, safu ya 10. VT100 ilipendwa mno, wengine wakaiga lugha yake.

Mwaka 1984, Mark Vandevoorde aliandika programu iliyokuja kuwa xterm. Kazi yake ni kuiga ukoo huo wa VT, lakini ilibeba pia Tektronix 4014, mashine ya kuchorea grafu. Ikanenepa. Rxvt ikaja baadaye ikaitupa Tektronix ili kuokoa memori. Kisha kundi la suckless likaandika st, yaani teminali sahili. Haina menyu wala tabu. Ukitaka kubadilisha fonti, unahariri config.h na kukompaili upya. Hata kupanda juu kuona mistari iliyopita waliacha kwa makusudi, kwa sababu tmux huifanya kazi hiyo.

Basi nilipousoma msimbo wa st nilitarajia kukuta kitu kitupu. Wapi! Sehemu kubwa ya st.c inashughulika na zile Esc za VT. Hapo ndipo penye somo. Menyu unaweza kuondoa, tabu pia. Lakini ukiondoa Esc[, vim, less na top zote zinakuharibikia papo hapo, maana zinadhani bado zinaongea na mashine ya 1978.

Kwa hiyo programu sahili si ile yenye mistari michache tu. Ni ile ambayo mwandishi wake amejua lipi ni pambo na lipi ni deni. Pambo unalitupa, deni unalilipa.

Nasi tunaoandika programu hapa Kenya tukumbuke hilo tunapobuni umbizo la data au API ya haraka haraka ili mteja aridhike Ijumaa. Wahandisi wa VT100 walikuwa wanauza skrini tu. Leo, zaidi ya miaka 40 baadaye, bado tunawatii.