Simu "imecrash" au imeanguka? Vitenzi vya Kiingereza vyenye kishindo ndani yake

Kwenye Kiswahili kitenzi kinabaki kilekile, sauti inafuata nyuma: gunia limeanguka pu!, jiwe limetumbukia majini chubwi!, mtoto kaanguka mchangani tifu! Kiingereza mara nyingi kinaimeza sauti ndani ya kitenzi chenyewe. Ukiandika "fell" hujakosea, ila msomaji hasikii kitu.

Gunia la mchele likitua sakafuni, kishindo kizito kisicho na mlio mkali, hiyo ni "thud". Kitu kidogo kikizama majini bila fujo ni "plop". Maji yakiruka na kulowesha watu ni "splash". Sufuria na vifuniko vikiporomoka kabatini kwa kelele mfululizo, tumia "clatter". Halafu kuna "flop", ya vitu laini au mwili uliochoka: umetoka kazini, unajitupa kwenye kochi. Filamu isiyouza nayo huitwa flop, na ukiwaza kidogo unaona kwa nini.

Inayosumbua wengi ni "crash". Hii inabeba kelele pamoja na uharibifu, ndiyo maana hutumika kwa ajali za magari na ndege. Lakini kwenye simu na kompyuta maana yake ni nyingine kabisa: programu imejifunga ghafla au mfumo umegoma.

Sasa fikiria simu imekuponyoka, kioo kimepasuka, na unamwandikia muuzaji wa nje: "My phone crashed." Atakujibu uizime kisha uiwashe. Kibaya zaidi, waranti nyingi hutenganisha hitilafu ya simu yenyewe na simu iliyoangushwa, kwa hiyo neno hilo moja linaweza kufanya uonekane unadanganya. Andika tu: "I dropped my phone and the screen cracked."

Kama huna uhakika na kitenzi, njia rahisi ni kuacha "fell" na kuongeza sauti kama nomino: "It fell with a thud", "It fell with a splash". Hapo tumerudi karibu na mtindo wetu wa anguka pu!

Ukitaka kitenzi chenyewe, kumbuka wakati uliopita hurudia herufi ya mwisho kwenye thudded, plopped na flopped, lakini si kwenye crashed wala splashed. Kikitua sakafuni weka "onto", kikizama majini weka "into".