Mabao Kumi na Manane ya Scornicești

Katika somo ninalofundisha kuhusu tawala za chama kimoja, huwa naandika ubaoni matokeo ya mechi moja ya kandanda kabla sijataja jina la nchi, la rais wala la chama: 18–0. Wanafunzi hucheka. Kisha huanza kupiga hesabu, na kicheko hupungua. Mabao kumi na manane katika dakika tisini ni bao moja kila baada ya dakika tano, na katika dakika hizo tano mpira lazima uokotwe wavuni, urudishwe katikati na uanzishwe upya. Hata timu ya watu wazima ikicheza na watoto wa shule itapata taabu kufikia idadi hiyo, isipokuwa watoto wenyewe wawe wamekubali.

Mechi hiyo ilichezwa mwaka 1978 kusini mwa Romania, siku ya mwisho ya msimu wa daraja la tatu. Walioshinda ni Viitorul Scornicești. Walioshindwa ni Electrodul, timu ya kiwanda kutoka Slatina, makao makuu ya mkoa wa Olt. Neno Viitorul maana yake ni mustakabali. Scornicești kilikuwa kijiji cha wakulima katika mkoa huo huo, na kingebaki kutojulikana nje ya Olt kama asingezaliwa humo, Januari 1918, mtoto wa mkulima aliyeitwa Nicolae Ceaușescu.

Wengi wakisikia hayo hudhani wamekwisha kuelewa kila kitu. Dikteta aliitaka timu ya kwao ishinde, akaamuru, ikashinda. Maelezo hayo yanamtwika mtu mmoja dhambi yote na kuwaacha wengine wote wakiwa wasafi. Nimeisoma historia ya klabu hii kwa miaka kadhaa na kila mara narudi kwenye maoni tofauti: kwamba Scornicești haikuhitaji amri ya Ceaușescu hata kidogo. Ilihitaji wapambe tu, na wapambe walikuwapo wa kutosha.

Tuanze na wakati wenyewe. Ceaușescu alishika uongozi wa Chama cha Kikomunisti mwaka 1965. Miaka ya mwanzo alipendwa nje na ndani ya nchi, hasa baada ya mwaka 1968 alipokataa kupeleka majeshi yake kuivamia Chekoslovakia pamoja na Wasovieti. Mwaka 1971 alizuru China na Korea Kaskazini, na aliporudi siasa ya nchi ikaanza kugeuka kuwa ibada ya mtu. Klabu ya Scornicești ilianzishwa mwaka uliofuata, 1972. Ni mwaka ule ule ambao Ceaușescu alifanya ziara ndefu barani Afrika, akapita Zaire, Zambia na Tanzania, na kupokewa kama rafiki wa vyama vya ukombozi. Nalitaja hili kwa sababu wasomaji wangu wenye umri wanamkumbuka Ceaușescu huyo wa 1972, na si rahisi kumlinganisha na yule wa miaka ya themanini.

Timu ilianza chini kabisa na kupanda ngazi kwa kasi. Mwaka 1978 ilikuwa inawania nafasi moja ya kupanda daraja la pili, mpinzani wake akiwa Flacăra Moreni, timu ya mji wa visima vya mafuta. Siku ya mwisho zilikuwa sawa kwa pointi, kwa hiyo tofauti ya mabao ndiyo ingeamua. Kisa kinachorudiwa mara nyingi ni kwamba wakati mechi ikiendelea Scornicești ilifika habari kuwa Moreni wanaongoza huko kwao kwa mabao mengi mno. Hofu ikatanda. Mabao yakaanza kumiminika, na kipenga cha mwisho kilipopulizwa yalikuwa yametimia kumi na manane. Ndipo ikajulikana kuwa Moreni walikuwa wameshinda kwa tofauti ya kawaida tu.

Kisa hiki kina funzo zaidi kuliko mwenye kukisimulia anavyodhani. Kama kila kitu kingekuwa kimepangwa kutoka juu, hofu ingetoka wapi? Aliye na amri ya rais mfukoni hahangaikii simu inayoleta matokeo ya uwanja mwingine. Mabao yale kumi na manane hayakufungwa na watu wenye uhakika. Yalifungwa na watu wasiojua kiasi gani kingetosha, wakaamua kuzidisha ili wasije wakaulizwa kesho kwa nini walipunguza. Na fikiria upande wa pili: wachezaji wa Electrodul waliajiriwa na kiwanda, mkurugenzi wa kiwanda alikuwa chini ya kamati ya Chama ya mkoa, na kamati ya mkoa ilijua kijiji cha Kiongozi kiko wapi. Baadaye uongozi wa Chama katika mkoa wa Olt ulikuja kushikwa na shemeji yake Ceaușescu, Vasile Bărbulescu. Katika mnyororo kama huo hakuna anayehitaji kutamka neno. Kila mtu anakisia anachotaka mkubwa wake, anaongeza kidogo kwa usalama wake mwenyewe, kisha anapeleka mbele.

Ndivyo takwimu za kilimo zilivyotengenezwa pia. Ushirika uliripoti mavuno kidogo zaidi ya yaliyopatikana, mkoa nao ukaongeza. Novemba 1989, katika mkutano mkuu wa mwisho wa Chama, nchi ilitangaziwa kuwa imevuna nafaka tani milioni 60. Mavuno halisi hayakufika hata milioni 20. Watu waliokuwa wakipanga foleni ya mkate wa mgawo walizisikia tarakimu hizo redioni. Kwangu mimi 18–0 na tani milioni 60 ni maandishi ya mkono mmoja. Tofauti ni kwamba matokeo ya mechi yalichezwa hadharani, mbele ya watu waliolipa kiingilio.

Mwaka 1979, yaani baada ya msimu mmoja tu wa daraja la pili, klabu ilipanda Divizia A, daraja la juu kabisa, na ikaja kujulikana kwa jina la FC Olt. Ilikaa huko zaidi ya miaka kumi. Uwanja ulijengwa ambao ungeweza kuwaketisha takriban wakazi wote wa Scornicești, vikongwe na wachanga wakiwemo.

Hapa ndipo historia inapokataa kurahisishwa. FC Olt haikuwa timu ya bandia. Msimu wa 1981/82 ilimaliza ya nne. Victor Pițurcă, mshambuliaji aliyeichezea hadi mwaka 1983, alihamia Steaua Bucharest na mwaka 1986 alikuwa uwanjani Seville pale Steaua ilipoifunga Barcelona kwa penalti na kutwaa Kombe la Ulaya. Dan Petrescu, kijana wa Steaua, aliazimwa Scornicești msimu wa 1986/87. Miaka kumi na mmoja baadaye ndiye aliyeifunga Uingereza bao la dakika za mwisho kwenye Kombe la Dunia la 1998. Wachezaji wa kiwango hicho hawatengenezwi kwa simu za kamati ya mkoa.

Tena, katika miaka yote hiyo klabu ya kijiji cha rais haikutwaa ubingwa hata mara moja, wala kombe la taifa. Mwenye kuamini kuwa neno la Ceaușescu liliamua kila kitu atuelezee hilo. Maelezo yangu ni kwamba juu ya wapambe wa Olt walikuwako wapambe wakubwa zaidi. Steaua ilikuwa timu ya jeshi, na mtoto wa rais, Valentin, ndiye aliyekuwa mlezi wake. Dinamo ilikuwa ya wizara ya mambo ya ndani. Klabu hizo mbili zilichukua wachezaji zilipotaka na wanapotaka. Fainali ya kombe la mwaka 1988 kati yao iliishia Steaua wakitoka uwanjani baada ya bao lao kukataliwa, na kombe wakapewa wao hata hivyo. Klabu za mikoani ziliishi kwa kubadilishana hisani: mimi nikuachie kwako, wewe uniachie kwangu. Waromania wana neno la mechi ya namna hiyo, blat, na kila shabiki alilijua.

Tuondoke uwanjani kidogo, kwa sababu gharama kubwa ya upendeleo kwa Scornicești haikulipwa na Moreni. Ililipwa na wenyeji. Ceaușescu alikuwa na mpango wa kuvunja maelfu ya vijiji na kuwahamishia watu katika majengo ya ghorofa. Mwaka 1988 alitangaza kuwa vijiji vya nchi, vilivyokuwa takriban 13,000, vipunguzwe hadi nusu au chini ya hapo. Sehemu nyingi mpango huo ulibaki kwenye karatasi. Scornicești, kwa kuwa ni kwao, kilikuwa mfano. Nyumba za wakulima zilibomolewa, pamoja na bustani, mabanda ya kuku na zizi la nguruwe, vitu vilivyomwezesha mkulima kula katika miaka ambayo serikali iliuza nje chakula ili kumaliza deni. Nyumba aliyozaliwa Kiongozi iliachwa isimame. Mwaka 1989 kijiji kilipandishwa hadhi kuwa mji. Kwa hiyo mwenyeji wa Scornicești angeweza, Jumapili moja, kukaa katika uwanja mzuri na kuangalia timu ya daraja la juu, kisha akarudi kwenye chumba cha ghorofa kisicho na joto, pasipo mahali pa kupanda hata kitunguu. Katika mihadhara ya maendeleo tunapenda kusema kiongozi hupendelea kwao. Neno kupendelea lingehitaji kuchunguzwa upya.

Tarehe 22 Desemba 1989 Ceaușescu alikimbia Bucharest kwa helikopta. Siku tatu baadaye, yeye na mkewe walipigwa risasi Târgoviște, mji ulio makao makuu ya mkoa ule ule ambamo Moreni ipo. Kabla duru ya pili ya ligi haijaanza, klabu mbili ziliondolewa Divizia A: FC Olt, na Victoria Bucharest, iliyokuwa mikononi mwa vyombo vya usalama.

Sioni uonevu katika kuiondoa Victoria. Kuhusu FC Olt nasita. Steaua na Dinamo zilibaki, na Dinamo ndiyo iliyotwaa ubingwa msimu huo huo. Zilikuwa na mashabiki wengi mno katika mji mkuu, na mapinduzi yoyote huangalia kwanza nani anaweza kujaza barabara. Klabu ya kijijini haikuwa na wa kuisemea, kwa kuwa aliyekuwa akiisemea amekufa. Wachezaji waliokuwa wamesajiliwa humo kama wafanyakazi wengine wowote walipoteza kazi katikati ya msimu, ilhali wengi wa waliopokea simu za mwaka 1978 walikuwa wamekwisha kuvaa beji za mapinduzi. Timu ikashuka madaraja ya chini na haikurudi tena juu.

Flacăra Moreni, wale waliodhulumiwa, walikuwa wamefika Divizia A kwa njia yao mwaka 1986. Msimu wa 1988/89 walimaliza wa nne, na vuli ya 1989 wakacheza na Porto katika Kombe la UEFA, miezi michache kabla ya utawala kuanguka. Mwisho wa msimu huo wakashuka daraja. Uwanjani, bila kufukuzwa na mtu.

Petrescu naye alirudi Romania akiwa kocha, na mwaka 2009 aliipa ubingwa Unirea ya Urziceni, mji mdogo wenye wakazi wasiofika elfu ishirini. Uwanja wao haukukidhi masharti ya Ligi ya Mabingwa, hivyo wakacheza mechi za nyumbani katika uwanja wa Steaua, Bucharest. Waliifunga Rangers 4–1 Glasgow, wakaifunga Sevilla, wakakosa hatua ya mtoano kwa pointi moja. Safari hii nyuma ya klabu hakukuwa na kamati ya mkoa bali mfadhili. Mfadhili alipoacha kutoa fedha wachezaji waliuzwa, na mwaka 2011 klabu ikashuka daraja na kuvunjwa.

Scornicești bado ni mji, kwa mujibu wa sheria ya 1989 ambayo hakuna aliyejisumbua kuifuta, na uwanja bado upo.