Flavonoidi za Chungwa: Tuziite Viambato

Ukipita barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, pale Emali au Makindu utakuta machungwa ya Makueni yametiwa kwenye neti na kupangwa kando ya lami. Mnunuzi mwenye kiu hulipasua moja mara nne, akafyonza maji, akatupa ganda pamoja na ule utando mweupe ulioshikamana nalo. Kwenye utando huo ndiko iliko kwa wingi hesperidini, mojawapo ya flavonoidi zinazotajwa kila tunapoambiwa kuwa chungwa hujenga afya. Mkemia Mfaransa, Lebreton, aliitenga humo humo mwaka 1828.

Flavonoidi ni kundi kubwa la misombo ambayo mmea hujitengenezea wenyewe, mingine ikiukinga na jua kali, mingine na wadudu na vimelea. Jina lina asili ya neno la Kilatini, flavus, yaani manjano, na hapo ndipo mfasiri huteleza. Akibuni neno kama "rangimanjano", msomaji atalitazama ganda. Lakini rangi ya ganda lililoiva, kama ile ya nyama ya embe, hutokana zaidi na karotenoidi, ambazo ni kundi jingine kabisa. Hesperidini imejificha penye weupe. Ndiyo maana naunga mkono neno la mkopo, flavonoidi, libaki lilivyo.

Kazi ngumu ni neno la jumla la kuitaja misombo hii yote. Wengine huandika "kemikali asilia". Kwa mkulima wa Kitui au Makueni, kemikali ni kile anachopulizia michungwa, na ukimwambia tunda lake lina kemikali atadhani unamlaumu. Wengine huandika "dawa asilia", na hilo naliona baya zaidi. Kupiga dawa shambani ni kupulizia, na dawa nyumbani ni kile kinachoponya. Neno hilo hutoa ahadi ambayo chungwa haliwezi kuitimiza.

Mimi nachagua kiambato. Limetoka kwenye kuambata, kushikamana na kitu, kama utando ule ulivyoambata ganda. Linasema kilichomo, bila kuahidi kupona.

Wanasayansi wenyewe waliwahi kukosea jina. Mwaka 1936 Albert Szent-Györgyi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka uliofuata kwa kazi iliyohusu pia vitamini C, pamoja na wenzake waliziita flavonoidi "vitamini P". Baadaye jina hilo likaachwa, kwa sababu vitamini ni kitu ambacho mwili ukikikosa huugua. Anayekosa vitamini C hupata kiseyeye, fizi zikavimba na kutoa damu. Mabaharia wa Vasco da Gama walifika Mombasa Aprili 1498 wakiwa nacho. Mfalme wa mji akawapelekea machungwa na malimau, na wagonjwa wakapata nafuu. Mwandishi wa safari hiyo akaisifu hewa ya Mombasa! Ama kukosa flavonoidi, hakuna ugonjwa unaojulikana kuletwa nako.

Faida yake basi ni ipi? Majaribio madogo kwa binadamu yametoa dalili kwamba hesperidini husaidia mishipa ya damu kutanuka vizuri. Mengine hayakuona tofauti. Hakuna lililothibitisha kwamba inaponya presha, kisukari au saratani. Ipo hesperidini iliyosafishwa na kupimwa: kidonge cha miligramu 500, chenye diosmini 450 na hesperidini 50, hutumika kwa bawasiri na matatizo ya vena za miguu. Hicho ni dawa, kwa kuwa kina kipimo. Chungwa halina kipimo.

Faida iliyo wazi zaidi ni ya vitamini C. Ndengu za Kitui zina madini ya chuma, lakini mwili huyapokea kwa shida. Ukila chungwa pamoja na mlo huo, huyapokea vizuri zaidi.

Tena si kila kiambato ni cha heri kwa kila mtu. Balungi na danzi vina furanokumarini, ambazo huzuia kimeng'enya cha utumbo kinachovunjavunja baadhi ya dawa. Mtafiti David Bailey na wenzake huko Kanada waliligundua jambo hili walipotumia maji ya balungi kuficha ladha ya pombe katika jaribio la felodipini, dawa ya presha: kiasi cha dawa kwenye damu kilipanda kupita kawaida. Simvastatini, ya kupunguza kolesteroli, nayo huathiriwa hivyo. Chungwa tamu la Makueni halina tatizo hilo.

Kwa hiyo wewe mtangazaji wa redio, nawe mhudumu wa afya wa kijijini, unapowaeleza watu wa Wote au Mwingi habari za chungwa, sema lina viambato. Na anayetumia dawa za presha mwambie aendelee kuzimeza, na kabla ya kunywa maji ya balungi amuulize daktari wake.