Kiti, Tiketi na Mkate

Ukiwauliza wazee wa rika langu kuhusu vijana wa Afrika Mashariki waliokwenda kusoma Marekani kati ya mwaka 1959 na 1963, watakutajia ndege. Hata jina la safari zile, kwa wengi wetu, ni ndege za Mboya. Wala si ajabu, kwa kuwa ndege ilipigwa picha, na vijana waliovaa suti kwa mara ya kwanza walipunga mkono ngazini. Lakini kadiri ninavyozeeka ndivyo ninavyoona kwamba ndege ilikuwa theluthi moja tu ya habari yenyewe. Ili kijana wa kimaskini asome chuo kikuu ng'ambo alihitaji vitu vitatu: kiti darasani, tiketi ya kumfikisha, na mkate wa kumweka hai mpaka amalize. Kila kimoja kilitoka katika mkono wake. Napenda tuifuate mikono hiyo mmoja mmoja, ndugu msomaji, kwa sababu swali la msomi anadaiwa na nani bado halijakwisha katika nchi zetu.

Tuanze na kiti. Katika miaka ya hamsini, kijana wa Kenya, Uganda au Tanganyika aliyetaka digrii bila kuvuka bahari alikuwa na Makerere tu, chuo ambacho tangu mwaka 1949 kilitoa digrii kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha London. Chuo cha Ufundi cha Kifalme cha Nairobi kilianza kufundisha mwaka 1956, lakini hakikuwa chuo kikuu bado. Nafasi zilikuwa chache, na ufunguo wake ulikuwa mikononi mwa serikali ya kikoloni. Aliyekosa hapo, hata kama alikuwa na cheti kizuri cha Cambridge, alirudi nyumbani kufundisha shule ya msingi au kuwa karani.

Marekani mambo yalikuwa na sura nyingine. Vyuo vingi vya huko havikuwa vya serikali. Vilianzishwa na makanisa, na mashirika ya watawa, na matajiri waliotaka kuacha jina, na kila kimoja kilijitawala chini ya bodi yake. Desturi ya kumsaidia mwanafunzi asiye na uwezo ilikuwa ya zamani sana. Mwaka 1643 mwanamke wa London aliyeitwa Ann Radcliffe, maarufu kama Lady Mowlson, alikitolea Chuo cha Harvard pauni 100 ili mapato yake yamsaidie mwanafunzi maskini. Chuo cha namna hiyo kiliweza kumsamehe mtu karo bila kuomba ruhusa ya gavana yeyote. Tena ipo hesabu ambayo watu hawaisemi: darasa lililokwisha kupata mwalimu na taa, kiti kimoja kilicho tupu hakiligharimu chuo kitu kikubwa kukijaza. Karo ndiyo zawadi iliyo rahisi kuliko zote kwa chuo kutoa. Sisemi haya ili kuibeza zawadi hiyo. Nasema tu kwamba chuo kilitoa kile kilichokuwa nacho.

Waafrika waliujua mlango huo zamani. James Aggrey wa Ghana alisoma Livingstone College huko North Carolina. Nnamdi Azikiwe na Kwame Nkrumah walipitia Lincoln, Pennsylvania. Kutoka kwetu Kenya, Mbiyu Koinange aliondoka mwaka 1927 akaenda Hampton, Virginia, kisha Ohio Wesleyan na Columbia. Kwa hiyo Tom Mboya hakuuvumbua mlango. Aliupanua mpaka watu wengi waweze kupita pamoja. Yeye mwenyewe hakuwa na digrii, ila alikaa mwaka mmoja Ruskin College, Oxford. Mwaka 1959 alizunguka Marekani akihutubia na kuviomba vyuo viti. Nyumbani, yeye na Dakta Gikonyo Kiano na Kariuki Njiiri, wote wawili waliosomea Marekani, walizipitia barua za walioomba. Vijana wengine walikuwa wamekwisha kuviandikia vyuo wenyewe, wakajibiwa. Hakukuwa na matangazo redioni wala mawakala wa kuwashawishi wazazi. Mwanafunzi ndiye aliyekitafuta chuo, kwa kalamu na stempu.

Sasa tiketi. Barua ya kukubaliwa haikumvusha mtu bahari, na nauli ilikuwa kubwa kuliko mshahara wa miaka mingi wa baba zetu. Hapo ndipo ilipoundwa African American Students Foundation, ambapo mfanyabiashara William Scheinman alifanya kazi kubwa, na watu mashuhuri kama Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier wakatia sahihi barua ya kuwaomba Wamarekani wachange. Septemba 1959 ndege ya kukodi aina ya Britannia iliwashusha wanafunzi 81 New York. Mwaka uliofuata walioomba walikuwa wengi zaidi, wakiwamo wa nchi jirani, na fedha hazikutosha. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilikataa kusaidia. Mnamo Julai 1960 Mboya alimwendea Seneta John Kennedy, na wakfu wa familia yake ukatoa dola 100,000. Wapinzani wake waliposikia, wizara ile ile ikageuka na kutaka kulipa kiasi hicho hicho, kwa kuwa ulikuwa mwaka wa uchaguzi na kura za Wamarekani weusi zilitakiwa na pande zote mbili.

Kuanzia hapo tiketi ikaanza kumeza habari nyingine zote. Mfano mmoja unatosha. Barack Obama mzee alikwenda Hawaii mwaka 1959, kabla ya fedha za Kennedy kutolewa, wala hakuwamo katika ndege ile ya watu 81. Hata hivyo mwanawe, alipokuwa akigombea urais, alisimulia kwamba akina Kennedy ndio waliomleta baba yake, na baadaye watu wake wakalazimika kusahihisha. Simwoni kuwa mwongo. Hivyo ndivyo kumbukumbu inavyofanya kazi: jina kubwa huyavuta majina madogo yakafichwa chini yake.

Mkate ndio uliofichwa zaidi. Ufadhili wa chuo mara nyingi ulikuwa karo, pengine na chumba. Vitabu, koti la baridi, sabuni, likizo ndefu wakati bweni limefungwa, hayo yote mwanafunzi alijitafutia. Wengi waliosha vyombo jikoni na kufagia kumbi. Lakini hata kabla ya kuondoka, ilimlazimu aonyeshe kwamba anazo fedha kidogo za kuanzia, na hizo zilitoka kijijini.

Kwetu Machakos, mwaka 1960, nilikuwa na miaka minane. Kijana wa mlima wa pili alipata barua kutoka Amerika, na ikatangazwa karamu ya chai. Mweka hazina alikaa mezani na daftari la shule lenye mistari. Mama yangu alitoa shilingi tano, fedha ya mayai. Mwingine alileta mbuzi akapigwa mnada hapo hapo. Miaka mingi baadaye nililiona daftari lile. Lilikuwa na safu mbili: jina, na kiasi. Hakukuwa na safu ya kurudisha. Nilimwuliza mama kama walisahau kuiandika. Akanijibu, "Tungeandika nini? Yeye mwenyewe alikuwa anatujua."

Jibu hilo nimelifikiria mara nyingi. Kijana yule alirudi, akafundisha shule ya upili kwa miaka mingi, na mimi ni mmoja wa waliokaa mbele yake. Mwenzake wa kijiji cha jirani, aliyechangiwa vivyo hivyo, hakurudi, na mpaka leo ukoo wake huinamisha kichwa jina lake likitajwa. Deni lisilo na karatasi lina nguvu zake na lina ukatili wake. Humrudisha mmoja nyumbani, na humfukuza mwingine milele kwa aibu.

Mmoja wa waliosafiri mwaka 1960 alikuwa Wangari Maathai. Kiti chake kilitoka kwa masista Wabenedikti wa Mount St. Scholastica, chuo kidogo cha wasichana katika mji wa Atchison, Kansas. Alimaliza mwaka 1964, akaenda Pittsburgh kwa shahada ya pili, akarejea Kenya mwaka 1966. Tunamkumbuka kwa miti na kwa Nobeli ya mwaka 2004. Wangapi kati yetu wanaujua mji wa Atchison?

Jumla ya waliosafiri mpaka mwaka 1963 ilikaribia 800. Leo tunavyo vyuo vikuu vya binafsi vyetu wenyewe, na siku hizi chuo ndicho kinachomtafuta mwanafunzi, kwa mabango barabarani na ahadi za punguzo la karo. Tangu mwaka 1995 Kenya ina bodi ya mikopo ya elimu ya juu, na deni sasa lina nambari na riba. Mwaka 2016 serikali ilianza kupeleka wanafunzi inaowalipia katika vyuo vya binafsi, na mwaka 2023 ikaacha kuwapeleka wapya. Vyuo vilivyokuwa vimeizoea fedha hiyo viliyumba, na wanafunzi waliokuwa katikati ya masomo wakabaki kusubiri malipo yao.

Kwa hiyo kijana akiniletea barua ya kukubaliwa, kama wanavyoniletea mara kwa mara, huwa namwuliza maswali matatu tu. Kiti kimelipwa na nani, na kwa miaka mingapi? Nani atakufikisha? Utakula nini mwaka wa tatu, waliokushangilia wakiwa wamechoka? Aghalabu la kwanza ndilo wanaloweza kulijibu. La tatu humfanya mzazi atazame chini. Hapo hutoa kalamu, tukaanza kuandika majina.